Uzi Usiolambwa

Shangazi yangu alishona sare za shule miaka thelathini, na hakuwahi kutunga uzi kwenye sindano bila kuulamba kwanza. Tabia hiyo nusura imnyime kazi ya maana kuliko zote alizowahi kufanya.

Mwaka alioipata kazi hiyo, moyo wa baba, mdogo wake wa pekee, ulikuwa taabani. Vali moja, kile kilango kinachozuia damu isirudi nyuma, ilikuwa imelegea. Daktari alisema ipo ya kubadilishia, inatengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe, ila zinashonwa kwa mkono na washonaji ni wachache. Foleni ni ndefu.

"Zinashonwa?" shangazi akauliza. "Sasa mimi nimekaa hapa nafanya nini?"

Wiki iliyofuata alikuwa kwenye karakana ya kushonea vali, anajaribiwa kazi, barakoa usoni, glavu mikononi, hadubini mbele yake. Baba alicheka mpaka pumzi zikamkatika. "Dada kaacha sketi, sasa anashona nyama!"

Jaribio la kwanza, mishono mia na ushei, yote imenyooka. Kisha akapeleka uzi mdomoni, ukagusa barakoa. Uzi umeshachafuka, vali nzima ikatupwa. Mara ya pili, yale yale.

"Mama, mkono kama wako sijauona," msimamizi akamwambia. "Lakini ukilamba tena, urudi kwenye sketi zako."

Mazoea yana taabu. Kwa wiki mbili alishona kila kilichochanika katika ukoo mzima, ncha ya uzi kaipaka pilipili, midomo imevimba, machozi yanamtiririka, anatutukana sisi. Jaribio la tatu, mkono ukapanda, ukafika kidevuni, ukasita, ukashuka. Akapita!

Miezi minane baadaye zamu ya baba ikafika. Vali yake ilishonwa na nani, hospitali haisemi. Shangazi hana shaka, nami simbishii mtu aliyekula pilipili wiki mbili.

Jana baba alipanda ngazi za kwa shangazi, ghorofa tatu, bila kupumzika hata mara moja. Akagonga mlango kwa fujo, suruali mkononi.

"Dada, nimenenepa. Nipanulie hii."

Shangazi akamwekea sikio kifuani kwanza, akasikiliza, akacheka peke yake kwa furaha. Akachukua sindano na uzi. Mkono ukapanda, ukafika kidevuni, ukasita.

"Lamba tu, dada," baba akasema. "Hiyo ni suruali."