Tundu Nililotaka Lizibwe

Mimi nina mdomo, na sijapata kukana. Fundi bati wa mtaa wetu wa Kariakoo aliujua mapema, maana siku aliyotuletea jiko nilimpokea kwa ugomvi.

Mimi na mama yangu mzazi tulikuwa tunapikia mafiga, katika banda la uani lililoezekwa makuti. Nilipika vitumbua vya kuuza sokoni, na moshi ulikuwa umeanza kumla mama kifua. Akikohoa alfajiri, roho ilinisuta, maana vitumbua ni vyangu na kikohozi ni chake. Ndipo nikamwendea fundi, Mhindi aliyezaliwa hapahapa mjini, nikamwomba jiko lenye dohani ya kutolea moshi, linalokula chochote: kuni, mkaa, hata vifuu vya nazi.

Alilitengeneza kwa pipa la chuma. Kulifunga ndiko kulikotugombanisha. Kwanza alijenga kitako cha mawe, akamwaga mchanga kukizunguka. Halafu akakata paa langu tundu la kupita mbuzi, akalizungushia bati, ili dohani ipite mbali na makuti.

"Fundi, mvua ikinyesha nipikie wapi?"

"Mvua itakulowesha, dada. Moto utakuhamisha."

Nikasogea kukagua kazi yake. Ndani ya dohani alikuwa ametia kifuniko cha kuzungusha kwa mpini, cha kupunguza moto usimalize kuni upesi. Nikakichungulia: kina tundu katikati, la kupita vidole viwili. Nikawaka. Majuma yote yale nangoja, kumbe naletewa bati bovu! Nikamwambia alizibe kwa risasi ya kulehemu papo hapo.

"Hili halizibwi."

"Basi chukua jiko lako."

"Nitachukua. Lenye kifuniko kizima sikuachii."

Akaanza kweli kufungua dohani. Mama ndiye aliyeamua. "Mwanangu, yeye amekufundisha kupika vitumbua?" Jiko likabaki, na tundu lake.

Kikohozi kikapungua. Mama akarudi kuwa mama, wa kunisema asubuhi mpaka jioni.

Ijumaa moja, nikiwa sokoni, akataka kujifukiza udi. Siku zote alitumia chetezo, makaa matatu manne basi. Siku hiyo akaona jiko limejaa makaa mekundu, akasema ya nini kuhangaika. Akafunga mlango, akatia udi, akajifunika shuka juu ya mdomo wa jiko. Na kwa kuwa udi ule aliutunza tangu harusi yangu, hakutaka kuwafukizia watu wa mtaa wa pili. Akazungusha kifuniko cha dohani mpaka mwisho.

Nilimkuta ameanguka chini, shuka kichwani, ulimi mzito. Nilimburuta uani nikipiga mayowe. Majirani wakaja, na fundi naye akaja mbio kutoka kibandani kwake. Alimpepea mama, akaagiza mlango wa banda uachwe wazi, kisha akanionyesha juu ya paa. Kifuniko kilikuwa bado kimefungwa, lakini uzi mwembamba wa moshi ulikuwa unatoka.

"Moshi unauona," akaniambia. "Hewa ya mkaa huioni. Ingekosa njia, ingebaki naye yote."

Nikakaa mchangani. Nilikuwa nimeidai risasi ile kwa kelele, mbele ya mtaa mzima. Angekuwa fundi wa kuogopa mdomo wa mwanamke, saa ile ningekuwa natafuta sanda. Nilimwambia ahsante, nikairudia mpaka akaona haya, na hata leo sijaona kama ilitosha.

Alasiri, mama akiwa kwenye mkeka na kikombe cha chai, fundi akanitania. "Haya, dada. Risasi ninayo. Nizibe?"

 Mama akaniwahi kujibu, kwa sauti bado dhaifu.

"Tundu liache, fundi. Mzibe huyu mdomo."

Hapo nikajua amepona.