Samsam Anapouliza Damu Imekwenda Wapi

Saa tatu asubuhi Samsam Dualeh anaketi kwenye kiti cha wagonjwa katika zahanati moja mjini Nakuru, anafumba macho, na anapoyafumbua si Samsam tena.

Mabega yameshuka. Sauti imekuwa nzito, ya mtu aliyezoea kunadi samaki sokoni. Mkono wa kulia umebana ubavu.

"Daktari, tangu ile sindano sijaona mwezi. Sasa hiyo damu yangu inaendanga wapi?"

Wanafunzi wa udaktari waliotoka Nairobi wanacheka. Kipketer, mmoja wao, ambaye ni zamu yake kujibu, anatabasamu. "Usijali, mama. Ni kawaida."

Samsam, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, haumwi. Tangu 1973, kila Alhamisi hulipwa shilingi sita kuigiza wanawake wanaofuata dawa za kupanga uzazi, ili wanafunzi wajifunze kuzungumza nao. Asubuhi hii ameshakuwa mke wa Kalasinga mwenye duka, anayeficha vidonge mama mkwe asivione, na Mwislamu anayeuliza kama matone ya damu yatamkatiza swala. Hao walikuja wakaenda zao.

Huyu wa tatu haondoki upesi. Alikuwa mtu wa kweli, muuza samaki wa Kamere, aliyelala kwa Samsam kila alipoleta mzigo Nakuru. Alipouliza swali hilo kwingine, aliambiwa asijali. Akachemsha mizizi ya kushusha damu, akanywa. Alizikwa mwaka jana.

"Sijajifunza sauti yake," anasema Samsam. "Nikikaa pale inakuja yenyewe. Siku moja niliitwa jina langu, nikamwangalia aliyeniita kama mgeni."

Mwalimu wao, Sista Rahab, haingilii. Kanuni yake ni kwamba mgonjwa hainuki mpaka ajibiwe.

Samsam hapepesi macho. Mkono haujaachia ubavu.

"Kipketer, bwana, tutalala hapa," Wamalwa, mwanafunzi mwenzake, anamtania. Safari hii hakuna anayecheka. Jumatatu Kipketer anapelekwa kufanya kazi Kamere, na kule mizizi ile bado inachemshwa.

Anasogeza kiti. "Mama, wewe unaona inaenda wapi?"

"Inapanda. Juzi ilikuwa kitovuni. Leo iko hapa." Vidole vinazama ubavuni. "Nikilala naisikia ikitembea."

Wamalwa anaangalia sakafu. Kipketer anajibu polepole, akitafuta maneno.

"Kila mwezi tumbo la uzazi hujitandika, likimngoja mtoto. Asipokuja, linatoa matandiko. Ndiyo ile damu. Sindano inalizuia kutandika, kwa hiyo hakuna cha kutoka. Ukiwa na wasiwasi, rudi tubadilishe dawa. Lakini usinywe kitu cha kuishusha."

"Hakuna kilichobaki ndani?"

"Hakuna, mama."

Mkono unaachia ubavu. Sista Rahab anamwita Samsam. Anaitika anapoitwa mara ya pili.

Nje, akinywa chai, anaulizwa kama jibu lilitosha.

"Mimi limenitosha," anasema. "Yeye ndiye hakulipata."

Jumatatu anataka kupanda gari moja na Kipketer hadi Kamere, na Sista Rahab amekubali. Kule kuna wanawake wanne waliodungwa sindano ileile. Mmoja wao, habari zimemfikia Samsam, ameanza kutembea akijibana ubavu.

"Nitakaa nyuma tu, nisikilize kijana akijibu," anasema. "Huyo mama haigizi."