Siku Nilipomficha Mama Mkwe Sigara Mdomoni

Chekeni kabisa, maana aibu hii nimeibeba tangu miaka ya hamsini na nikiikumbuka uso bado unaniwaka. Nilikuwa navusha watu kwa mtumbwi hapa mto Kilombero, natoa moshi kuliko jiko la kuni, nakohoa mpaka majirani wanaamka, basi mke wangu Agata akanibana niache, nami nikamjibu, "Nimeshaacha" (uongo mtupu, pakiti ilikuwa mfukoni), kumbe mwenzangu kwa furaha akatuma habari kwao Mahenge.

Hazikupita wiki mbili, niko ukingoni navuta zangu, nageuka namwona mama mkwe anateremka, jogoo kwapani. Badala ya kuitupa sigara majini, nikatia kipande chote mdomoni, kikiwaka vilevile, mchezo wetu wavushaji mvua ikinyesha, kuficha moto mdomoni usizimike (ukituliza ulimi, hakiunguzi).

Lakini mama mkwe utamnyamaziaje? Nikainama, nikaguna, "Mmh-mmh."

"Shikamoo gani hiyo?" akauliza, kisha akawageukia abiria waliokwisha kukaa mtumbwini. "Huyu ndiye mkwe wangu aliyeacha sigara! Nimemletea jogoo. Hebu waambie wenzako, baba, umeachaje?"

Watu wote wananitazama, na moshi nao ukaanza kunitoka puani, taratibu, pua zote mbili.

"Mama," akasema mzee mmoja, "mkweo anafuka."

Majivu yakanipalia, nikakohoa, kipande kikaruka kikatua kwenye kanga yake mpya, kikaitoboa. Walicheka mpaka mtumbwi ukayumba.

Yeye hakucheka. Akakung'uta kanga, akasema polepole, "Mwanangu alituma habari kwamba sasa analala bila kusikiliza kama bado unapumua. Nikamwambie nini?"

Ulimi ulishaungua, ukavimba. Wiki nzima sikuweza kula cha moto wala kuvuta, na ulipopona nikajiuliza, siku saba nimeziweza, ya nane inishinde? Wenzangu walinipulizia moshi usoni makusudi, nikatafuna miwa mpaka taya zikauma, sikurudi. Alipozaliwa mwanangu wa kwanza wakaniletea pakiti nzima ya pongezi. Nikawagawia moja moja, nikawawashia kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuonja hata pafu moja!

Mpaka leo sijagusa, wala sitagusa, na mlima wa Mahenge naupanda bila kupumzika. Ila wewe unayetaka kuacha, nakuomba, acha kwanza, ndipo utangaze.