Ukuta Uliolambwa na Ng'ombe

Tarehe mbili ya mwezi wa kumi na moja, siku ya posho, yaani Jumamosi. Asubuhi ukungu ulikaa mpaka kwenye mulango, kisha ukapanda, na jua likatoka kali sana. Hivyo njo nilivyoandika mu kaye yangu siku ile, kabla sijasikia habari. Chini yake niliandika: "Leo natuma video Mubi." Nilipiga mustari mara mbili chini ya maneno hayo, kwa furaha.

Kwanza nieleze kazi yangu, ijapokuwa sina hakika kama wengine wanaiita kazi. Nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primeri. Miaka mingi niliandika vibao vya watu: saluni, dawa, nyama ya kuchoma. Nilitumia rangi ya mafuta, ile ya mukebe inayotoka Goma, na brosi nilikuwa naziosha kwa mazuti, mafuta ya gari, kando ya kijito. Siku moja mama mumoja aliyekuwa anateka maji chini yangu aliinua bidoni yake, akanionyesha utando mwekundu unaoelea juu.

"Unataka kutuchora mpaka ndani ya tumbo?" akaniuliza.

Hakupaza sauti. Alikuwa na haki. Toka siku ile niliacha mikebe.

Mama yangu alikuwa akipaka nyumba yetu udongo, basi nami nikarudia udongo. Mwekundu tunauchimba pale barabara ilipokata mulima. Mweupe unapatikana chini, karibu na maji. Mweusi ni masizi ya jikoni. Lakini udongo peke yake ukikauka unaanguka, unahitaji gundi, na gundi nilijifunza kwa kuangalia video mu telefone: unachukua maziwa yaliyoganda, unachanganya na chokaa, unagonga mpaka inavutika kama ute wa yai. Maziwa kwetu Karuba hayatafutwi mbali. Nyuma ya kanisa kuna nyumba ya kutengenezea fromaji, jibini ya maziwa, na papa anayefanya kazi mule alikuwa akinipa bure maziwa yaliyoganda vibaya.

Ukuta wa habari hii ni wa depo ya mbegu ya mamas wa kijiji chetu wanaolima pamoja. Sikuuchora peke yangu. Nachora kwanza kwa kidole juu ya telefone, natuma mu grupe yetu ya WhatsApp, na kila mama anasema lake bila kunihurumia.

"Hiyo mulima iko na kichwa ya kuchongoka. Ni mulima ya wapi?"

"Dada, maharagi inapandaka muti. Yako inalala kama mulevi."

Nilifuta, nikachora tena, mara sita. Kisha mamas walikuja, kila mumoja na kipande cha godoro cha kupakia, wakajaza sehemu zao. Siku ya tano ya juma, Ijumaa jioni, tulimaliza. Kulikuwa milima, maharagi yakipanda miti yake, na chini mikono mingi inapokezana mbegu. Nilipiga picha haraka kabla jua halijazama, nikasema video nitaifanya kesho na mwangaza muzuri.

Sasa habari ya Mubi. Kule Walikale, kwenye barabara ya pori, mamas wachuuzi walikuwa wamejenga hangari ya soko yenye ukuta murefu. Kipande cha video ya ukuta tuliochora kabla ya huu kilitoka telefone moja kwenda nyingine mpaka kikamufikia mama anayewaongoza. Akaniandikia. Walitaka muntu wa kuchora pamoja nao na kuwafundisha kutengeneza rangi yao wenyewe. Hakunificha: alisema wanangojea pia kazi ya papa mumoja wa Goma, na kila muntu atume ukuta wake wa mwisho, wao watachagua siku ya posho kabla soko halijafungwa.

Nilitafuta kazi za yule papa, nikaziona. Lazima niseme ukweli: anachora mikono kuliko mimi. Yangu inafanana na karoti. Lakini nilitaka ule ukuta wa Mubi mpaka usingizi ulipotea. Hajawahi kutokea muntu wa nje ya mulima wetu kuniita. Nilijiambia, wakinikataa nitarudia vibao, na nitajua kama kazi hii ya udongo ilikuwa muchezo tu wa mama asiyesoma sana.

Basi, asubuhi ile ya ukungu, nilikuwa bado nachana nywele wakati bwana yangu alipoingia mbio.

"Mama, kuja uone! Ukuta yako inakuliwa."

"Inakuliwa na nani?"

"Kuja tu!"

Nilikimbia na kitana kichwani. Mbele ya depo ng'ombe walikuwa wamejipanga mustari, wapole kabisa, midomo yote kwenye ukuta. Walikuwa wanalamba. Ndimi zao zilikuwa zinalia kwaa, kwaa, kama muntu anayepiga randa ubao. Papa anayewachunga alikuwa anamuvuta mumoja kwa mukia, na ng'ombe hakugeuza hata sikio.

"Papa, ulikuwa wapi?" nikapiga kelele.

"Hapa hapa, Mama. Nilisimama kuangalia ule mulima. Niliona mpaka njia ya kwetu. Nikasahau ng'ombe."

Sikuweza kumukasirikia. Ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na njo ilinimalizia mikono yote ya mbegu. Tuliwafukuza kwa fimbo na makofi. Toka chini mpaka kwenye kifua changu hakukubaki kitu, udongo laini tu, kama bakuli iliyopitishwa kidole. Juu, milima na maharagi vilikuwa vimekaa, havikuguswa.

Papa wa fromaji alifika na aproni yake nyeupe. Aliangalia ukuta, akaweka kidole, akakionja.

"Iko na chumvi," akasema.

Kisha akaeleza: juma lile maziwa hayakuharibika, basi kwa kutaka kunisaidia alinipa fromaji zilizopasuka. Zilikuwa zimekwisha kulala mu maji ya chumvi, kama inavyofanywa.

"Nilijua ziko na chumvi," akasema. "Sikufikiri ukuta iko na ladha."

"Na mimi nilijua, Papa. Moja nilikula nikigonga zingine."

Tuliangaliana. Pale mbele ya depo hakukuwa muntu hata mumoja asiyepelekea ng'ombe chumvi tangu utoto. Tunajua wanavyoinua kichwa wakisikia mufuko. Na sisi wote, kwa mikono yetu, tulipaka chumvi ukuta muzima kwenye njia yao ya malisho, na tukasema, oh, gundi ya safari hii iko nguvu! Mama mumoja alianza kucheka. Kisha mwengine. Mimi nilicheka nikilia kidogo.

Bwana yangu alinivuta pembeni.

"Uko na picha ya jana?"

"Niko nayo."

"Tuma ile. Siyo uongo. Jana ukuta ilikuwa vile."

Na ni kweli, haikuwa uongo. Ninaandika hivi kwa sababu sitaki muntu afikiri bwana yangu alinishauri vibaya. Alikuwa ananipenda na alikuwa anahesabu saa. Lakini nilifikiri: mamas wa Mubi watapaka ukuta wao kwa maneno yangu. Kama sijui gundi yangu inafanya nini, ni wao watalipa kwa kazi yao. Papo hapo nafsi ingine ikaniambia: wewe nani wa kuwa musafi hivyo, kila muntu anaonyesha upande wake muzuri. Zote mbili zilisema vizuri. Sikujua nani ashinde.

Rezo ya telefone kwetu haishuki chini, inabidi upande kwenye kilima nyuma ya shamba la maharagi. Kabla sijapanda nilisimama mbele ya ukuta, nikafungua telefone, nikafilimu yote: kwato mu matope, sehemu iliyolambwa, milima iliyobaki. Hata ng'ombe mumoja aliyekuwa amerudia kwa siri aliingia mu picha. Nikasema kwa sauti yangu: "Mamas wa Mubi, hii njo ukuta yangu ya mwisho. Jana ilikuwa nzima, picha iko hapa. Leo ng'ombe wameilamba, kwa sababu nilitia fromaji ya chumvi. Kosa ni langu. Udongo hauna kosa." Nilipanda mbio, nikatuma picha pamoja na video, na nikakaa juu ya jiwe.

Ile alama ndogo ya kuzunguka ilizunguka, ilizunguka. Bwana yangu alinifuata na viazi viwili vya kuchoma, hatukula. Jua lilikuwa limeinama wakati sauti ya Mubi ilipoingia mu WhatsApp. Niliiweka kwenye sikio, nikasikia kwanza kicheko cha wanawake wengi, na pikipiki zinapita nyuma yao, kisha yule mama kiongozi:

"Dada wa Karuba! Tumeangalia mara tatu. Ule ng'ombe wa mwisho, wee! Sikia. Huku hatuna ng'ombe, tuko na makamio, magari makubwa ya mizigo. Kamio moja ikipita, matope inafika mpaka hapa kwenye kifua, sawa na ng'ombe wako. Papa wa Goma anachora vizuri sana, hatukatae. Tulimuuliza chini itakuwa namna gani, akasema rangi yake haiogope matope. Pengine ni kweli. Weye hukutuambia, umetuonyesha. Tunataka vile: juu picha, chini udongo mutupu, na tukichafuliwa tunapaka tena siye wenyewe. Barabara ikipitika, kuja. Lakini chumvi uache kwenu!"

Niliruka. Nilimushika bwana yangu mabega, viazi vikaviringika mu maharagi. Niliisikiliza tena, na tena, kuhakikisha hajataja jina la mwengine. Mpaka leo sijui kama walichagua kazi yangu ao walichagua ng'ombe. Niliwajibu: nakuja, asante, lakini muite na ule papa, yeye achore mikono. Wakajibu, "Tutaona." Nilishuka kilima nikipiga vigelegele peke yangu, na mamas wakatoka mu mashamba kuuliza nani amezaa.

Chini ya ukuta tulikuta papa wa ng'ombe anauosha kwa maji moto na kitambaa, akijitahidi kuondoa chumvi. Hakuna aliyemutuma.

Jioni ile, mu nyumba, tulikula maharagi na viazi, na fromaji nzima ambayo papa wa fromaji alileta kwa kuomba musamaha. Chumvi yake ilikuwa sawasawa.