Taulo, Mbuzi na Simu ya Kugusa

Zamani simu ikilia, ililia tu. Uliweza kuibeba kutoka chumbani hadi jikoni, ikapita mikononi mwa watu watatu, na isipokee mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani. Mama yangu, anayeishi Kapata, nje kidogo ya mji, aliandika ujumbe kwa vitufe hivyo huku akisonga bukari, ugali wetu, bila hata kutazama. Kisha mimi, kwa wema wangu, nikamnunulia simu ya kugusa. Aliikandamiza kama anatwanga majani ya sombe, na kila akitaka kunipigia, kidole kiliangukia kwenye video.

Kwetu sisi wenye asili ya Kasai, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Mama akija kwetu mjini alikaa jikoni akiupa mlango mgongo. Hata chumvi ilitoka kwake kwenda kwa mume wangu kupitia mikono yangu.

Jumapili moja nilikuwa nakanda unga, tumbo likigusa meza, simu yangu ikalia chumbani. Mume wangu alikuwa ametoka kuoga. Akaona ni mama, akaikamata upesi aniletee. Kidole gumba kikateleza juu ya kioo. Video ikafunguka, na mama akamwona mkwe wake kifua wazi, maji yakimtiririka, taulo limeshikiliwa na Mungu tu.

Mume wangu aliitupa simu kitandani, akaja jikoni kunisimulia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kicheko kilikatika mama aliponipigia tena, safari hii kwa simu ya jirani.

"Mi siwezi tena kuya kwako," akasema. "Nilimuona mukwe na servieti tu kiunoni."

Mimba ile ilikuwa ya kwanza, na siku zilikuwa zimekaribia. Nani angenikanda? Nani angenifundisha kumwogesha mtoto? Niliogopa, nikalia.

Aibu ya namna hiyo huondolewa kwa mbuzi. Akishatolewa, mkwe na mama mkwe wanaruhusiwa kutazamana. Shangazi yangu akaja kumweleza mume wangu. Mume wangu ni karani, kubishana ndiyo kazi yake.

"Mama, mi sikufungua. Ni telefone njo ilifungua," akamjibu shangazi.

"Njo telefone ilivaa servieti?" shangazi akauliza.

Mbuzi akapelekwa Kapata, na mama akaja. Lakini mazoea yana taabu. Wakawa wanakimbiana humo humo ndani: huyu akiingia sebuleni, yule anatoka kwa mlango wa nyuma. Nikaanza kumhurumia mbuzi, amekufa bure.

Siku tuliyorudi kutoka hospitali nilikuwa nimelala, sina nguvu hata ya kuinua mkono. Mume wangu alisimama mlangoni, macho sakafuni. Mama akamwendea, akamtazama usoni, akamwekea mtoto mikononi.

"Shika kichwa," akamwambia.

Lilikuwa neno la kwanza la mama kwa mume wangu tangu tuoane.

"Ndiyo, mama," akajibu, machozi yakimdondokea mtoto.