Mwanangu aliisahau ndege moja, lawama kabeba mwenzake

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi marahaba. Jina langu naomba likae kwako tu. Mie ni mama wa miaka hamsini na nne, mjane, nakaa Gongo la Mboto, shule niliishia darasa la nne. Mtoto ninaye mmoja, wa kike. Nimemsomesha kwa mihogo ya kukaanga mpaka akawa muongoza ndege. Uwanja siutaji.

Kazi yao, alivyonielezea, wanapokezana kiti. Anayetoka anamtajia anayeingia ndege moja moja: hii iko wapi, ile nimeiambia ishuke mpaka wapi. Sasa mwezi uliopita, jioni moja, ndege zilirundikana, kila moja inataka kutua. Mwanangu akampisha mwenzake, kaka mmoja, haraka haraka, akazitaja nyingine zote, akaisahau moja. Yule kaka asijue, akaielekeza nyingine njia ile ile. Zilipishana karibu mno. Mungu alisimama, hakuna aliyeumia.

Kijana wa watu kasimamishwa kazi. Mwanangu kaandika kwenye maelezo yake kwamba alimtajia zote. Mie ukweli aliniambia, analia mapajani kwangu kama mtoto mdogo.

"Mama, tunayoongea na rubani yanarekodiwa. Ila tuliyoambiana sisi wawili pale kitini hayapo popote."

"Basi nenda kaseme, mwanangu."

Akanyanyuka. "Nikafukuzwe? Ukimwambia mtu, mama, mie hunioni tena."

Tangu hapo hii wiki ya tatu, simu yangu hapokei. Jamani, humu ndani naongea na redio tu.

Kinachoniua zaidi, yule kaka kwangu anakujaga. Kila Jumapili alikuwa anakula ugali na dagaa hapa, ananiita mama mkwe kwa utani. Juzi kaja, kakonda.

"Shikamoo mama mkwe. Mchumba wangu kajificha wapi?"

"Marahaba baba. Hayupo."

Nikampakulia, hakugusa. Akasema, "Mama, labda alinitajia, mie ndo sikusikia. Yule hawezi kunisingizia. Nadhani kichwa changu kina shida, bora niache kazi mwenyewe."

Nikamwambia, "Kula baba, chakula kinapoa." Mama mzima, ndo neno nililoweza.

Alhamisi anaitwa kwenye kikao cha kazini kuhojiwa. Kaniomba nimwombee. Kila nikianza, sala haitoki. Nikisema, nimempoteza mtoto, nabaki na kuta. Nikinyamaza, mtoto wa mwanamke mwenzangu anaondoka akiamini kichwa chake kibovu, na wangu anarudi kukaa kwenye kile kile kiti na uongo wake.

Nyie mliozaa, Alhamisi haijafika: nikamwambie yule kaka, au nimsubiri mwanangu ambaye hata simu hapokei?