Mzinga Mtupu Juu ya Mukau

Mimi ni mdaku wa kuzaliwa, na barazani nilienda kwa udaku tu. Nilikuwa nimetoka Kitui mjini kuwatembelea wazazi wangu huku Migwani, nikasikia watu wanakutana kutunga kanuni za miti. Makaa yalishapigwa marufuku, lakini moshi bado ulionekana mabondeni kama kawaida. Nilitaka kujua watu wazima hukubalianaje kuacha kitu kinachowalisha.

Chifu aliuliza nani atailinda miti. Watu wakaangalia viatu vyao. Ndipo baba yangu, aliye kwenye kamati ya kijiji, akasimama na kuuliza kama kuna mtu pale aliyewahi kukata mti wenye mzinga wa nyuki. Hakuna. Hata wachoma makaa, ambao walikuwa wamekaa nasi bila wasiwasi, walitikisa vichwa. Kwetu mzinga huchongwa alama ya ukoo, na ukiangusha mti wake umegombana na ukoo mzima. Basi ikapitishwa kwamba nyumba inayotaka mti wake ubaki itundike mzinga, uwe na nyuki au uwe mtupu. Baba alipigiwa makofi, akarudi nyumbani kifua mbele.

Yeye mwenyewe hakutundika hata mmoja. Tuna mti mkubwa wa mukau nyuma ya zizi, na alikuwa ameshaupangia mbao za paa jipya. Nilipomuuliza, alisema kanuni ile ni ya miti ya makaa, si ya miti ya mbao. Mama alikuwa akipepeta ndengu pale karibu, akainua macho akautazama mti huo, kisha akarudi kupepeta.

Siku ya kukata, mwanamume wa pawasoo, ule msumeno wa injini, alifika asubuhi kwa pikipiki. Aliwasha mashine, akainua macho, akaizima.

"Mzee, kuna mzinga huko juu."

"Hapana. Huo mti ni wangu."

"Basi angalia mwenyewe."

Kweli ulikuwepo, umefungwa kwa kamba ya katani, hauna hata nyuki mmoja. Baba alicheka, akasema wacha ashushe mwenyewe takataka hiyo kazi iendelee. Aliegemeza ngazi, akapanda hadi karibu nao, kisha akasimama tu. Alama haikuwa ya ukoo wetu. Ilikuwa ya ukoo wa mama, ile ya marehemu baba yake, imechongwa vibaya kwa kisu cha jikoni.

"Ni ya mkwe wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Mkwe si alikufa?" nikauliza.

Mwenye pawasoo alinitazama kama mtu asiyelelewa. "Mkwe ni mkwe, dada, hata akifa kitu chake hakiguswi. Mimi hapo siweki mkono."

Kwa desturi yetu mwanamke hapandi mtini kutundika mzinga, lakini alama ilikuwa ya kwao mama, basi nilimgeukia pale aliposimama nyuma yetu nikaanza kumchunguza. Goti lake lilikuwa na mchubuko mpya. Nilitamani kumpigia vigelegele.

Baba alishuka polepole. "Mama watoto, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huu mti si ni wangu?"

"Mbao ni zako, sijabisha. Lakini majani ni ya mbuzi zangu. Kile kiangazi nyasi zilipoisha zote, zilikula nini? Si huu mukau? Ukiukata, zikifa utanipa nini?"

"Sasa mbona hukusema barazani?"

"Nani aliniuliza? Mlisema mkamaliza, mkapiga makofi. Na mimi ndio nachuma hayo majani kila kiangazi, miti yote ya hapa naijua kwa mikono."

Baba aliilaza ngazi chini. Sitadanganya, nilifurahi. Lakini furaha yangu haikukaa sana, kwa sababu uso wake haukuwa wa mtu aliyeshindwa. Alikuwa akiutazama ule mukau, tawi baada ya tawi, kana kwamba ulikuwa umeota usiku uliopita. Mwenye pawasoo alianza kufunga mashine yake kwenye pikipiki bila kungoja kuambiwa.

Kisha baba akamuuliza mama jambo ambalo maisha yangu yote sijawahi kumsikia akimuuliza.

"Na ile miti mingine ya kule bondeni? Ni gani isiguswe?"

Mama alijifunga leso vizuri, akatangulia kushuka bondeni, naye baba akamfuata nyuma.